Maswali Yenu: Mazimwi ya kinamasi, nani alimtangulia nani?

Barua za mwezi huu zimetoka Lubumbashi kwa wingi, na chache Likasi, Bukavu na Goma. Karibu zote zinauliza habari za yale mazimwi ya matope na majani yaliyojaa katika bede (hadithi za picha) za Kimarekani. Tumechagua saba. Tukisema «kinamasi» tuna maana ya ardhi yoyote ya matope na maji yaliyotuama, iwe ya Louisiana huko Marekani au ya Upemba kwetu Katanga.

Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi, anauliza: Wakubwa wa gazeti, nawasalimu. Kijana wangu ana bede mbili za Kifaransa, moja ya Homme-Chose, nyingine ya Swamp Thing. Mimi nikizitazama naona ni kiumbe kimoja kilichopewa majina mawili. Ni kampuni gani iliyoiba?

Papa, macho yako hayakukudanganya, ila neno «kuiba» ni zito kuliko ushahidi uliopo. Tupange tarehe kwanza.

Homme-Chose, ambaye kwao anaitwa Man-Thing, ni wa kampuni ya Marvel. Alitoka katika Savage Tales toleo la 1, lenye tarehe ya Mei 1971 kwenye jalada, kwa mikono ya Stan Lee, Roy Thomas, Gerry Conway na mchoraji Gray Morrow. Swamp Thing ni wa DC. Yeye alitoka katika House of Secrets toleo la 92, jalada la Juni na Julai 1971, hadithi fupi ya kurasa 8 iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Bernie Wrightson. Mtu akisoma tarehe hizo tu atasema DC ilinakili. Lakini bede ya wakati ule ilipita kwa mwandishi, mchoraji, mwandika maneno, mtia wino, mpaka rangi, ndipo iende kwenye mtambo. Kazi hiyo ilichukua miezi. Kwa pengo la mwezi mmoja au miwili, hakuna aliyeweza kuona ukurasa uliochapwa wa mwenzake na bado awahi kutoa wake.

Jambo la pili ni kwamba Conway wa Marvel na Wein wa DC walikuwa wakikaa chumba kimoja wakati huo. Wanaolala chini ya dari moja husikiana mazungumzo. Tena Wein huyohuyo ndiye aliyeandika hadithi ya pili ya Man-Thing, ile iliyotoka katika Astonishing Tales toleo la 12 mnamo Juni 1972.

Pale ambapo shaka lako lina uzito zaidi ni mwaka 1972. Swamp Thing wa kwanza alikuwa Alex Olsen, mtu wa mwanzo wa karne ya 20 aliyeuawa na rafiki yake kwa wivu wa mke. Hafanani sana na Man-Thing. DC ilipompa mfululizo wake mwenyewe mwishoni mwa 1972, ilimbadilisha akawa Alec Holland: mwanasayansi, dawa ya siri, wahaini, moto, kisha kinamasi cha Louisiana. Man-Thing ni Ted Sallis: mwanasayansi, dawa ya siri, mpenzi aliyemsaliti, ajali ya gari, kisha kinamasi cha Florida. Weka hizo mbili kando kwa kando, utaona kwa nini kijana wako anazichanganya.

Hata hivyo wote wawili walichota kisima kimoja cha zamani. Mnamo Agosti 1940 gazeti la Unknown lilichapa hadithi ya Theodore Sturgeon iitwayo «It». Haikuwa bede bali maandishi matupu: mifupa ya maiti msituni inavikwa matope na majani yaliyooza, kisha inasimama na kutembea. Miaka miwili baadaye, Desemba 1942, Harry Stein na Mort Leav wakamleta Heap katika Air Fighters Comics toleo la 3. Heap ni rubani Mjerumani, Baron Eric von Emmelman, aliyetunguliwa mwaka 1918 akaangukia kinamasi cha Poland. Mnamo Oktoba 1944 akatokea Solomon Grundy, adui aliyefufuka kutoka kinamasi, kazi ya Alfred Bester na Paul Reinman. Na Machi 1971, kabla ya Man-Thing na Swamp Thing, kampuni ndogo ya Skywald ilikuwa tayari imemtoa Heap mpya katika gazeti lake la Psycho.

Ukitaka kuwatofautisha, usiangalie majani. Uliza ni kiasi gani cha mtu kimebaki ndani. Katika zimwi la Sturgeon hakuna kilichobaki: halina chuki wala huruma, lina udadisi tu, na linaua kwa sababu linataka kujua vitu vimeundwaje. Ndani ya Heap imebaki kumbukumbu hafifu, kama ndoto ya mtu mwenye homa. Akili ya Man-Thing imekufa, ila hisia za watu anazihisi, na anayeogopa huungua akiguswa naye. Swamp Thing anajijua yeye ni nani, na ndiyo mateso yake. Katika zile kurasa 8 za 1971 anamwokoa mke wake, halafu hana mdomo wa kumwambia «ni mimi». Tuliosoma hadithi hizi zote tunaona ukurasa ule ndio uliobeba vyote vilivyofuata.

Mwanafunzi wa Katuba anauliza: Nimesoma kwamba Heap aliuawa na sheria ya Marekani ya mwaka 1954 iliyokataza bede za kutisha. Ni kweli?

Si kweli, dada. Airboy Comics, gazeti lililokuwa likimchapa Heap, lilifungwa Mei 1953. Kanuni ya Comics Code ilipitishwa Oktoba 1954. Aliyekwisha kufa mwaka mmoja na zaidi kabla hawezi kuuawa na kanuni hiyo. Tena haikuwa sheria ya serikali. Ilikuwa mapatano ya wachapishaji wenyewe, waliokubali kukaguliwa ili wauzaji wasiyakatae magazeti yao.

Ilichofanya kanuni hiyo ni kuzuia Heap mwingine asizaliwe. Ilikataza kwa majina wafu watembeao, wanyonya damu, walao maiti na watu-mbwamwitu. Mwaka 1971 ikalegezwa: wanyonya damu, walao maiti na watu-mbwamwitu wakaruhusiwa, kwa hoja kwamba wana asili katika vitabu vinavyoheshimika. Zombi hakuruhusiwa. Hapo utaona mlango aliopitia zimwi la kinamasi: ni mfu anayetembea, lakini kwa macho ni mti. Savage Tales nayo ilikwepa kwa njia nyingine. Ilichapwa kama gazeti kubwa la weusi na weupe, la senti 50, na magazeti ya aina hiyo hayakupelekwa kukaguliwa.

Msomaji wa Goma anauliza: Tope linaweza kweli kuhifadhi maiti mpaka isimame?

Kusimama, hapana. Kuhifadhi, ndiyo, lakini si katika kila kinamasi. Huko Denmark mwaka 1950 wachimba mboji walikuta maiti ya mtu wa kale, Mtu wa Tollund, aliyekufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na sura yake ilikuwa bado inatambulika. Sababu ni tatu zikikutana: maji ya baridi, asidi itokayo kwenye mimea midogo ya huko iitwayo sphagnum, na ukosefu wa oksijeni. Ngozi hugeuka kama iliyotiwa dawa na fundi wa ngozi, na mifupa hulainika kwa kupoteza chokaa. Ni kinyume kabisa cha zimwi la Sturgeon, lenye mifupa bila ngozi.

Kinamasi cha joto kama Everglades ya Florida huozesha upesi. Kwa hiyo kati ya hawa wote, mwenye mahali panapokaribia kuaminika ni Heap wa Poland.

Msomaji wa Bukavu anauliza: Kila ninayeongea naye anasema nisome Swamp Thing ya Alan Moore, hasa «Somo la Anatomia». Kina nini kisichokuwa katika zile za mwanzo?

Moore, Mwingereza, alianza na toleo la 20, Januari 1984, na hilo alilitumia kufunga mambo aliyoyaacha Martin Pasko, mwandishi aliyemtangulia. Toleo la 21, la Februari 1984, ndilo hilo unaloambiwa. Wachoraji ni Stephen Bissette na John Totleben.

Tangu 1972 msomaji alikuwa anangoja jambo moja: siku Alec Holland atakaporudi kuwa mtu. Moore anamleta mtaalamu wa mimea, Jason Woodrue, afanye upasuaji wa maiti ya zimwi. Anakuta kitu chenye umbo la mapafu, ila hakiwezi kuvuta hewa. Anakuta kitu kama ubongo, ila ni mmea mtupu. Viungo vyote ni vya kuiga, havifanyi kazi yoyote. Maelezo anayoyatoa yanatokana na majaribio ya kweli ya minyoo ya planaria: minyoo waliofundishwa walikatwakatwa wakalishwa wenzao, na ikadaiwa kwamba waliokula walipata ujuzi wa walioliwa. Wanasayansi wengine walishindwa kuyarudia matokeo hayo kwa uhakika, lakini kwa hadithi yanatosha. Mimea ya kinamasi ilikula mwili wa Holland, ikapata kumbukumbu zake, ikaamini kwamba yenyewe ndiyo Holland.

Rudi sasa kwenye kile kipimo tulichompa Papa wa Kamalondo. Kiasi gani cha mtu kimebaki? Moore anajibu kwamba hakijabaki chochote. Holland alikufa usiku ule wa moto, na aliyekuwa akilia kwa miaka 12 ni mmea unaokumbuka. Kurasa chache zinageuza maana ya matoleo yote ya nyuma bila kufuta hata moja. Hatujui ukarabati mwingine wa hadithi ya zamani katika bede uliofanywa kwa usafi kama huu.

Mengine ya kujua: toleo la 29 lilitoka bila muhuri wa Comics Code, na muda mfupi baadaye mfululizo mzima ukaachana na muhuri. John Constantine, ambaye baadaye alipata mfululizo wake mwenyewe, alitokea humu, toleo la 37, Juni 1985. Moore alimaliza na toleo la 64 mwaka 1987.

Mchoraji kijana wa komini ya Kenya, Lubumbashi, anauliza: Ba yaya, nachora bede yangu ya zimwi la kinamasi na kuiuza kwa fotokopi, ukubwa wa A5. Kwenye karatasi yangu linaonekana zuri, likitoka kwenye mashine linakuwa kama lundo la majani. Kosa langu ni nini?

Mdogo wetu, makosa pengine ni matatu, na mashine ni moja tu kati yao.

La kwanza ni umbo. Kabla ya kuchora jani lolote, chora zimwi lako kama kivuli cheusi tupu, urefu wa sentimita 3. Ukishindwa kulitambua kwa kivuli hicho, majani hayatakusaidia. Wrightson alimpa Swamp Thing mabega mapana mno na kichwa kilichozama katikati yake, hata mgongo unakuwa juu kama kilima. Man-Thing hana mdomo: usoni ana mizizi mitatu inayoning'inia na macho mawili mekundu. Wote wawili unawajua kwa mbali.

Baada ya kivuli, chora mwili wa misuli kwa kalamu ya risasi HB, mwili mtupu kabisa. Mizizi ije baadaye, nayo ifuate misuli. Ianzie penye maungio, yaani shingoni, kwapani, kwenye nyonga, kisha izunguke kiungo kama mshipa. Wengi hutawanya majani mwili mzima kwa ukubwa uleule, na hapo ndipo lundo linapozaliwa. Majani weka mahali patatu au panne tu, penye kivuli. Kifua na paji la uso viache na mizizi michache, jicho la msomaji lipate pa kupumzika.

La pili ni wino. Anza na weusi mkubwa kwa brashi namba 2 au 3 na wino wa Kichina, ukiamua taa inatoka upande mmoja tu. Ukingo wa zimwi unaopakana na giza la nyuma uache mstari mweupe wa milimita 2. Bila mstari huo mkono wake utamezwa na usiku. Maji yachore kwa mistari mifupi ya kulala, iliyokatika. Matone yanayotoka mwilini yawe wima. Kupishana huko kwa wima na kulala ndiko kunakomwambia msomaji kwamba hapa ni majini. Usifute kalamu ya risasi kabla wino haujakauka: nusu saa wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua uache hata usiku kucha. Wino mbichi ukisuguliwa na gomu la kufutia hugeuka kijivu, na kijivu ndicho adui mkubwa wa fotokopi.

La tatu ndiyo mashine. Ukichora kwenye A3 na kupunguza hadi A5, kila kitu kinakuwa nusu. Mstari wa milimita 0.3 unabaki 0.15, na mashine nyingi za mtaani huupoteza au huuunganisha na jirani yake. Usitumie mstari mwembamba kuliko milimita 0.5, na kati ya mstari na mstari acha angalau milimita 1. Weusi mkubwa nao hutoka na mabaka tona (wino wa unga wa mashine) ikipungua. Uvunje kwa michirizi myeupe ya majani au mvua, ili baka lisionekane. Toa nakala moja ya majaribio ya ukurasa wako mweusi kuliko zote kabla hujalipia nakala 20. Kama kuna skana, iweke kwenye nyeusi na nyeupe tupu, nukta 600 kwa inchi, si kijivu.

Hesabu ya kurasa: karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 8 za A5, urefu uleule wa hadithi ya kwanza ya Swamp Thing. Karatasi ya tatu iwe jalada. Usipange kurasa 9 au 10, maana kijitabu cha kukunja huenda kwa nne nne.

Na ombi letu: acha misipresi ya Louisiana yenye nyuzi za kuning'inia. Katanga tunayo Upemba. Chora mafunjo, yenye shina la pembe tatu lisilo na majani, refu kupita mtu mara mbili, na kichwa kama ufagio uliofunguka. Katika ziwa Kisale kuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea na wavuvi wanaishi juu yake. Zimwi linaloinuka chini ya sakafu ya namna hiyo hakuna Mmarekani aliyelichora.

Mama mmoja wa Likasi anauliza: Kwetu tuna mamba-muntu. Je, huyo si zimwi la kinamasi?

Mama, anaishi majini, lakini ukoo wake ni mwingine. Mamba-muntu, nusu mwanamke nusu samaki, alitundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za miji ya migodi ya Katanga, hasa miaka ya 1970, kwa mikono ya wachoraji wa mtaani. Yeye hakufa. Hakuwahi kuwa mtu akazama. Anakutana na wewe, anakupa utajiri, naye anadai kitu kwa malipo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mamba-muntu anakujua kwa jina. Heap na ndugu zake hawana biashara na mtu yeyote, wanatafuta walichopoteza.

Katika bede za Kongo anayekaribia zaidi ni wa Papa Mfumu'eto wa Kinshasa. Mwaka 1990 alitoa kwa Kilingala hadithi ya mtu anayegeuka chatu na kummeza mwanamke mjini Kinshasa. Hapo pia chanzo ni utajiri, si maiti. Mchoraji wetu wa komini ya Kenya akisoma jibu hili, ajue nafasi iko wazi: zimwi lenye huzuni ya Holland na bei ya mamba-muntu bado halijachorwa, kwa tunavyojua sisi.

Msomaji wa Ruashi anauliza: Nianze na ipi, na kwa Kifaransa?

Anza na kurasa 8 za House of Secrets 92, kisha matoleo 10 ya kwanza ya 1972 hadi 1974, ambayo ndiyo Wrightson aliyachora. Toleo la 11 hadi la 23 ni ya Nestor Redondo wa Ufilipino, mchoraji safi ambaye watu humpita bila haki. Kisha ruka hadi Moore. Urban Comics imezichapa hadithi za Moore kwa Kifaransa katika majuzuu matatu. Usianze na la pili, kwani «Somo la Anatomia» limo katika la kwanza. Kwa Man-Thing, tafuta zile alizoandika Steve Gerber, kuanzia Adventure into Fear toleo la 11, Desemba 1972. Kabla ya kununua, uliza katika mediateki ya Institut français pale Halle de l'Étoile. Na ukiokota toleo la zamani la gazeti sokoni, usilitie gundi wala skochi (utepe wa kunata): skochi huacha doa la njano lisilotoka. Lihifadhi likiwa limesimama, mbali na ukuta wa nje, na miezi ya mvua ulifungue mara moja kwa juma lipate hewa, kwa sababu pini zake ni za chuma na kutu huanzia hapo.